Isome Dirishani

Droo ya kumi na nne hukwama. Lazima uipige goti.
Ndani mna kadi mia tatu na ushee za mkono mmoja,
herufi nyembamba, zimelala upande kama mvua ya upepo:
Gerwin Hasselbrink, daktari wa mambo ya kale.
Babu alimwita Bwana Brashi,
kwani jembe hakushika; yeye alipangusa tu.

"Kaburi la 41. Mwanamke. Bangili saba za shaba.
Chungu begani. Misalaba midogo kiunoni, kumi na miwili."
Kisha, kwa wino mwekundu:
"Ufundi huu si wa wenyeji. Watafutwe waliouleta."

Watafutwe.
Transfoma ya mtaa ililipuka Jumanne,
kwa hiyo kazi naifanyia dirishani,
na jua la Septemba, likipenya moshi wa mbuga zinazochomwa,
likapita katikati ya kadi
nikaona tai.

Alikwanguliwa kwa wembe, kwa subira, unyoya kwa unyoya,
lakini karatasi haisahau ilipobanwa.
Nikaigeuza.

Upande wa pili ni nchi nyingine, mwaka wa arobaini na moja,
mto ambao jina lake linanikwama kooni.
Mwandiko ule ule, umelala vile vile:
"Vigae sita. Ni vya wahenga wetu, basi ardhi ni yetu.
Familia kumi na tisa zimeondolewa kabla ya theluji.
Uchimbaji unaendelea vizuri."

Vigae sita!
Kwetu kigae ni cha kuombea kaa la moto kwa jirani.
Yeye alikigeuza hati ya shamba,
akakipa ulimi, akakifundisha neno moja: tokeni.
Wakatoka, na watoto wao, na magodoro kichwani
(najua, huko hawabebi kichwani,
ila mimi watu wakifukuzwa nawaona hivyo,
kama stesheni ya hapa Lubumbashi, tisini na mbili,
majirani zetu wa Kasai juu ya masanduku, wakingoja treni,
na vigae havikuhitajika hata kimoja).

Vita vikaisha. Tai akanyolewa.
Shirika la madini likatafuta mtu anayeujua udongo
wala halikuuliza ni udongo wa nani.
Kule aliwaona watu wake hata pale ambapo hawakuwahi kulala;
huku wenyeji wamelala mbele yake, bangili mkononi,
akaandika: wageni.

Babu Numbi ndiye aliyemshikia taa.
Akaiona shingo ya kile chungu, alama za kidole gumba,
akasema, "Bwana, mama yangu hufinyanga hivi hivi."
Bwana Brashi akacheka, si kwa ubaya, akampa sigara.
Hakuandika.

Na babu hakukubali nimseme vibaya.
Alilipa Jumamosi, saa sita kamili, bila kukata senti.
Alikufa kwenye mashuka safi, jakaranda zimechanua nje,
akamwachia babu koti la sufu, la kijivu.
Nililivaa mimi, baridi ya Julai, kwenda shule Katuba,
mikono imekunjwa mara tatu.
Lilikuwa na joto. Nililipenda.
Vifungo vyake havikulingana na kitambaa,
na ni leo tu, nina miaka hamsini na minne,
najiuliza vya kwanza vilichorwa nini.

Mkurugenzi anataka kadi mpya, fupi, za kuingizwa kwenye kompyuta.
Pana mstari mmoja: Mfinyanzi.
Nimejaza: mama yake Numbi, au mama wa mama zake.
Labda nami natia maneno kinywani mwa chungu.
Nimeacha hivyo hivyo.

Saa tisa umeme ukarudi,
tai akatoweka katika weupe wa taa.
Ile kadi ya zamani nimeirudisha mahali pake
na pembeni, kwa penseli, kwa atakayenifuata:
isome dirishani.